Akili, hulka na mshahara: nini hasa hulipwa katika kazi za Mombasa

Katika ofisi za mawakala wa forodha, kuanzia Moi Avenue hadi Shimanzi, ni jambo la kawaida kuwakuta makarani wawili walioajiriwa mwaka mmoja wakiwa na stashahada ya aina moja, ambao baada ya muda mishahara yao imeachana mbali. Hali ni hiyo hiyo katika hoteli za Nyali na Shanzu, katika magereji ya Changamwe, na hata miongoni mwa mahamali wa Kongowea wanaoshusha magunia ya lori moja. Watu wakiulizwa sababu hawakosi jibu: huyu ana akili, yule ni mchapakazi, fulani ana ulimi mtamu, fulani ana mtu wake huko juu. Kila jibu lina chembe ya ukweli, na wanauchumi wametumia zaidi ya nusu karne kujaribu kuyapima majibu hayo moja baada ya jingine. Walichokipata kinatuhusu sana watu wa mji huu, kwa sababu kinaidhoofisha dhana inayowaumiza wengi, kwamba mshahara wa mtu ni kipimo cha akili yake na tabia yake. Akili na hulka huathiri mshahara, tena kwa kiasi kikubwa, lakini hazina bei moja. Bei yake hutegemea aina ya kazi, hutegemea kama mwajiri ana njia ya kuziona, na hutegemea nguvu aliyo nayo mfanyakazi ya kudai haki yake.

Kwanza yatenganishwe mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Stadi za kiakili ni uwezo wa kusoma na kuelewa, kufanya hesabu, kukumbuka, na kutatua tatizo ambalo mtu hajawahi kukutana nalo. Ndani yake mna wepesi wa kufikiri usiotegemea sana masomo, na mna maarifa yaliyojengwa kwa kufundishwa na kwa mazoezi. Hulka, kwa upande wake, ni namna mtu alivyozoea kuhisi na kutenda katika mazingira mbalimbali. Wanasaikolojia wengi huipanga katika mafungu matano: udadisi na upokeaji wa mawazo mapya; bidii pamoja na mpangilio na uaminifu katika kutimiza wajibu; uchangamfu mbele za watu; upole na wepesi wa kukubaliana na wengine; na mwisho utulivu wa moyo, yaani kutotikiswa upesi na hofu au hasira. Mpangilio huu ulitokana na uchambuzi wa maneno ambayo watu hutumia kuelezana. Mwaka 1936, Gordon Allport na Henry Odbert walikusanya kutoka kamusi ya Kiingereza karibu maneno 18,000 ya aina hiyo, na watafiti waliowafuata wakayapunguza kwa njia za takwimu hadi yakabaki mafungu machache. Msomaji aikumbuke asili hiyo ya Kiingereza, kwa maana itatusumbua mbele.

Ugumu wa kwanza wa kupima nafasi ya akili katika mshahara ni shule. Gary Becker, katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu rasilimali watu, alieleza kwamba elimu ni uwekezaji unaomwongezea mtu uwezo wa kuzalisha, na Jacob Mincer mwaka 1974 akaonyesha jinsi miaka ya masomo na miaka ya uzoefu inavyoweza kuhusishwa na kipato kwa hesabu moja. Lakini mwaka 1973 Michael Spence alikuwa amekwisha kuuliza swali gumu zaidi: itakuwaje ikiwa shule haimwongezei mtu chochote, bali inamtambulisha tu kwa mwajiri kuwa ni mwerevu na mvumilivu? Ikiwa ndivyo, cheti ni ishara, na mwajiri hulipa kile kinachoashiriwa. Katika takwimu za kawaida, nadharia hizi mbili hutoa picha moja, kwamba aliyesoma zaidi hulipwa zaidi. Ili kuzitofautisha, ni lazima mtu apime akili na maarifa ya wafanyakazi moja kwa moja, mbali na vyeti vyao.

Kazi hiyo ilifanywa hapa Afrika Mashariki mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1980, M. Boissiere, John Knight na Richard Sabot walikusanya taarifa za wafanyakazi wa mshahara katika Nairobi na Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa mwaka 1985. Hawakuridhika na kuuliza mtu alisoma hadi darasa gani. Walimpa kila mmoja jaribio la kufikiri kwa kutumia michoro, ambalo halihitaji kujua kusoma, kisha majaribio ya kusoma na hesabu. Kwa hiyo walikuwa na vitu vitatu mkononi: miaka ya shule, wepesi wa kufikiri, na maarifa ambayo mtu alitoka nayo darasani. Walipowalinganisha watu waliofanana katika mengine yote yaliyopimwa, waligundua kwamba wepesi wa kufikiri peke yake uliongeza mshahara kidogo tu, miaka ya shule iliongeza kwa kiasi cha wastani, na maarifa ya kusoma na hesabu ndiyo yaliyoongeza kwa kiasi kikubwa. Jambo hili lilijitokeza katika miji yote miwili, ingawa nchi hizo zilikuwa na sera za elimu zilizotofautiana sana, Kenya ikiwa imepanua shule za sekondari kwa kasi, zikiwemo za Harambee, na Tanzania ikiwa imezibana.

Nauona utafiti huo kuwa wa thamani kubwa kwetu, na inasikitisha kwamba hautajwi mara nyingi katika mijadala yetu ya elimu. Unatuambia kwamba mtoto anayezaliwa na kichwa chepesi lakini asifundishwe vizuri hatalipwa kwa wepesi huo. Soko la ajira halina dirisha la kuingizia akili tupu. Fundi wa injini za dizeli anayeweza kusoma kitabu cha maelekezo ya mtambo, au karani wa kuhesabu mizigo anayegundua kwamba namba ya kontena iliyo kwenye karatasi haiwiani na iliyo kwenye mlango, analipwa kwa sababu akili yake imegeuzwa kuwa ujuzi unaotumika. Unatuambia pia kwamba cheti bila maarifa kina faida ndogo kuliko wazazi wengi wanavyoamini wanapolipa karo.

Hata hivyo, baada ya kupima shule na akili, sehemu kubwa ya tofauti za mishahara hubaki bila maelezo. Hapo ndipo hulka ilipoingia. James Heckman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000, aliushika uzi huu kwa kuwachunguza Wamarekani walioacha sekondari na baadaye kufanya mtihani wa kupata cheti kinacholingana na cha wahitimu. Kwa majaribio ya akili, watu hawa walikaribiana na wahitimu wa kawaida wasioendelea na chuo, lakini kipato chao kilifanana zaidi na cha walioacha shule. Walikuwa na akili ya kufaulu mtihani, na wengi wao walikosa ustahimilivu uleule uliohitajika kukaa darasani hadi mwisho. Ushahidi mwingine ulitoka Ypsilanti, katika jimbo la Michigan, ambako kuanzia mwaka 1962 watoto 123 wa familia maskini waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata shule bora ya chekechea na wengine wakakosa. Alama za akili za waliosomeshwa zilipanda, kisha baada ya miaka michache tofauti ikafifia, na wengi wakasema mradi umeshindwa. Walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 40, waliosomeshwa walikuwa na ajira zaidi na kipato kikubwa zaidi, na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. Kilichodumu ni tabia: namna ya kujizuia, ya kushika jambo hadi liishe, na ya kuishi na wengine bila ugomvi.

Utafiti uliofanywa Sweden na Erik Lindqvist pamoja na Roine Vestman, uliochapishwa mwaka 2011, ulikwenda hatua moja mbele. Nchini humo vijana wa kiume walipoitwa jeshini walifanyiwa majaribio ya akili, kisha wakahojiwa na mwanasaikolojia aliyepima jinsi walivyoweza kubeba jukumu, kujitegemea na kuhimili shinikizo. Watafiti waliunganisha alama hizo na mishahara ya wanaume hao walipokuwa watu wazima. Waligundua kwamba kwa wafanyakazi wa kazi za kitaalamu akili ilikuwa na uzito mkubwa zaidi, lakini kwa wale wa ngazi za chini kabisa, wanaolipwa kidogo na wanaopoteza kazi mara kwa mara, kilichowaangusha kilikuwa zaidi upungufu wa zile sifa za hulka. Faida ya utafiti huu ni kwamba hulka ilipimwa na mtaalamu kabla ya mtu kuanza kazi, hivyo haiwezekani kusema kwamba mshahara ndio uliozaa tabia iliyopimwa.

Tukiyaleta haya Mombasa, inafaa kuuliza kazi yenyewe inaacha nafasi gani kwa sifa ya mtu kuonekana katika matokeo. Chukua kazi ya kutoa mizigo bandarini. Wakala wa forodha hushika hati za mteja, huzijaza katika mfumo wa kompyuta wa forodha, huainisha bidhaa ili itozwe kodi inayostahili, na hufuatilia hadi kontena litoke. Kosa moja la uainishaji linaweza kulizuia kontena kwa siku kadhaa huku ada za kuhifadhi zikipanda. Katika kazi kama hii stadi za kiakili na uangalifu haviwezi kutenganishwa: karani mwerevu lakini mzembe ni hasara, na karani mwangalifu asiyeelewa vitabu vya ushuru ni hasara vilevile. Tena kosa lake lina bei inayojulikana, na mteja hulihisi mara moja, kwa hiyo tajiri anayo sababu ya kumlipa vizuri anayeepusha makosa.

Linganisha na kibarua anayepangwa asubuhi kwenye lango la ghala kushusha saruji au kupakia chai. Malipo yake ni ya siku au ya idadi ya mizigo. Akili yake ya hesabu haina pa kuonekana katika malipo hayo, hata kama ni kubwa. Uaminifu wake unaonekana kwa njia moja tu, kwamba mnyapara humwita tena kesho. Kwa hiyo bidii yake hulipwa kwa siku nyingi zaidi za kazi katika mwezi, wala si kwa kiwango kikubwa zaidi kwa siku, na mtafiti anayeuliza mshahara wa siku peke yake ataondoka akiamini kwamba bidii haina faida kwa vibarua. Huu ni mfano mzuri wa jinsi swali lililoulizwa vibaya linavyozaa jibu la uongo.

Hoteli zina mpango mwingine kabisa. Mishahara ya wafanyakazi wengi wa hoteli kubwa za Pwani hupangwa kwa madaraja kupitia mikataba ya pamoja kati ya chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA na waajiri. Mhudumu mchangamfu na mwenzake aliye kimya, wakiwa daraja moja, hupata mshahara wa msingi uleule. Uchangamfu hulipwa kando: katika bakshishi, katika kupewa zamu za wageni wengi, katika kupandishwa kutoka jikoni kuletwa mapokezi, na zaidi ya yote katika kubakishwa kazini msimu wa mvua unapofika na wengine wanapopewa likizo bila malipo. Ndani ya bandari yenyewe, ambako mikataba ya pamoja pia hupanga malipo ya wafanyakazi wa kudumu, sifa za mtu huwa na nguvu zaidi langoni, wakati wa kuajiriwa, kisha wakati wa kupandishwa cheo. Na kwa anayeuza nguo Markiti au mahamri mtaani Bondeni, asiye na mwajiri, hulka yake ndiyo biashara yenyewe, maana hakuna mtu wa kati anayeikadiria kabla ya mteja.

Thamani ya sifa hizi hubadilika pia kwa wakati. David Deming alionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya mwaka 1980 na 2012, kazi zinazodai ushirikiano mwingi baina ya watu ziliongezeka nchini Marekani kwa karibu asilimia 12 ya nafasi zote za ajira, na kwamba walionufaika zaidi ni wale wenye stadi za kiakili na za kijamii kwa pamoja. Sababu anayoitoa inaeleweka kirahisi: hesabu za kawaida huweza kuachiwa mashine, lakini kugawana kazi, kusomana nia na kubadilishana zamu bila mvutano bado ni shughuli za binadamu. Katika ofisi za forodha za Mombasa, ambako hati za karatasi zimeingia kwenye kompyuta, karani aliyekuwa akithaminiwa kwa mwandiko safi na kumbukumbu kali sasa anathaminiwa kwa kuweza kuzungumza na mteja aliyekasirika na kumweleza kwa nini mzigo wake haujatoka.

Katika zile hulka tano, matokeo kuhusu bidii na uangalifu ndiyo yasiyoyumba sana. Murray Barrick na Michael Mount, walipozijumlisha tafiti nyingi mwaka 1991, waliiona sifa hiyo ikiambatana na utendaji bora katika makundi yote ya kazi waliyoyachunguza. Utulivu wa moyo nao kwa kawaida huambatana na mshahara mkubwa. Upole ndio unaotatanisha. Tafiti kadhaa za Marekani, ukiwemo mmoja wa mwaka 2012 ulioongozwa na Timothy Judge, zilionyesha kwamba watu wapole hulipwa kidogo kuliko wakali, na pengo hilo ni kubwa zaidi kwa wanaume. Maelezo ya kawaida ni kwamba mpole hajadiliani kuhusu mshahara, hukubali kiasi anachotajiwa mwanzo, na huchukua majukumu ya wenzake bila kudai nyongeza.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya malezi ya Pwani. Hapa kijana hufunzwa kwamba kudai mbele ya mkubwa ni utovu wa adabu, na msichana hufunzwa hivyo mara mbili. Anapoingia ofisini na kuulizwa anataka mshahara gani, hujibu kwamba atashukuru chochote atakachopewa, na mwajiri aliyetenga kiasi kikubwa zaidi hana sababu ya kukitaja. Sioni kuwa dawa ni kuwafundisha vijana ukali. Ninaamini kwamba waajiri wakiandika kiwango cha mshahara katika tangazo la kazi, adhabu ya upole itapungua sana, kwa sababu upole huadhibiwa hasa pale ambapo mshahara ni siri.

Sasa turudi kwenye ile asili ya Kiingereza. Hulka hupimwa kwa kumsomea mtu sentensi, kwa mfano kwamba yeye ni mtu anayemaliza kazi aliyoianza, kisha kumtaka aseme anakubali kwa kiasi gani. Benki ya Dunia ilitumia maswali ya namna hii katika mpango wake wa kupima stadi za watu wazima mijini, na Kenya ilikuwamo, ikifanyiwa uchunguzi mwaka 2013. Ni mpango mzuri, kwa sababu kabla yake hapakuwa na takwimu za kulinganisha nchi maskini kwa jambo hili. Lakini Rachid Laajaj, Karen Macours na wenzao, katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, waligundua kwamba majibu hayajipangi katika yale mafungu matano kama yanavyojipanga Ulaya na Marekani. Sentensi zilizokusudiwa kupima bidii zilichanganyika na za upole. Miongoni mwa Watsimane wa Bolivia, Michael Gurven na wenzake walikuwa wamekwisha kuona hali kama hiyo mwaka 2013. Laajaj na Macours waliwapima pia wakulima wa magharibi mwa Kenya, wakakuta kwamba vipimo vya hulka vilikuwa na makosa mengi kuliko vipimo vya stadi za kiakili.

Sababu moja kuu ni tabia ya kukubali. Mhojiwa anapokaa mbele ya mgeni mwenye karatasi au simu ya kuandikia, mara nyingi husema ndiyo kwa kila sentensi, na hapa kwetu kumkatalia mgeni aliyekuja nyumbani ni jambo zito. Matokeo yake ni kwamba mtu hujikubali kuwa mchangamfu, na dakika mbili baadaye akajikubali kuwa mkimya. Aliyesoma sana hukubali kidogo kuliko asiyesoma, kwa hiyo kinachoonekana kama hulka kinaweza kuwa ni kivuli cha elimu. Mtafiti asiyeirekebisha kasoro hiyo anaweza kutangaza kwamba hulka fulani huongeza mshahara, kumbe alichopima ni miaka ya shule iliyovaa vazi jingine. Kwa maoni yangu, takwimu yoyote inayodai kusema kwa usahihi wa asilimia moja au mbili ni kiasi gani tabia huwaongezea mshahara wafanyakazi wa nchi zetu inapaswa kupokewa kwa tahadhari, na hasa ikiwa hulka ilipimwa siku ileile mshahara ulipoulizwa.

Upimaji wa siku moja una hatari nyingine, kwamba chanzo na matokeo hubadilishana nafasi. Mtu anayelipwa vizuri hutulia moyo, hujiamini na hupanga mambo yake ya mwaka. Anayelala hajui kama kesho ataitwa langoni huonekana mwenye wasiwasi na asiyepanga. Anandi Mani na wenzake walichapisha mwaka 2013 utafiti juu ya wakulima wa miwa nchini India, wakiwapima watu walewale kabla ya mavuno, fedha zikiwa zimekwisha, na baada ya mavuno, fedha zikiwa zimeingia. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri. Akili haikuwa imebadilika. Ilikuwa imebebeshwa mzigo wa kuhesabu madeni. Vilevile, afya ya utotoni huingia katika mshahara wa utu uzima. Wanafunzi wa Busia waliopewa dawa za minyoo kwa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao, katika mradi ulioanza mwaka 1998, walifuatiliwa kwa miaka ishirini, na kipato chao kwa saa kilikuwa juu kwa takriban asilimia 13. Ukimpima kijana wa Likoni leo na kumwona mzito wa kufikiri au mwepesi wa kukata tamaa, huenda unapima njaa, minyoo na madeni, kisha unaviita tabia.

Mombasa ina historia inayotufundisha kuwa waangalifu hapa. Kuanzia miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika nchini Kenya alilazimishwa kubeba kipande, hati yenye alama za vidole vyake ambamo mwajiri aliandika tarehe za kazi na mshahara. Mwajiri mpya aliweza kuona alicholipwa mtu huko nyuma na kukitumia kama kikomo, ilhali mfanyakazi hakuwa na hati yoyote ya kumwonyesha mwajiri huyo alivyowatendea wengine. Maofisa wa kikoloni waliwalalamikia vibarua wa bandarini kwamba ni wavivu kwa sababu walifanya kazi siku kadhaa za mwezi na kuziacha nyingine. Kwa kibarua aliyekuwa na shamba au shughuli nyingine, huo ulikuwa mpango wa busara katika ajira ambayo haikumhakikishia kitu chochote. Mnamo Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa pamoja, na baraza la usuluhishi lililoundwa baadaye likaongeza malipo ya wengi wao. Akili zao na hulka zao zilikuwa zilezile kabla na baada ya mgomo. Kilichobadilika ni nguvu yao mezani.

Mfano wa karibu zaidi ni wa reli. Mwaka 2019 ilipoagizwa kwamba mizigo ya bara isafirishwe kwa reli mpya hadi Nairobi, maghala ya makontena ya Mombasa yalipungukiwa na kazi, madereva wa malori na vibarua wakapoteza riziki, na watu wakaandamana mjini wiki baada ya wiki. Agizo hilo liliondolewa mwaka 2022. Dereva mwangalifu aliyekosa safari katika miaka hiyo hakuwa amepoteza uangalifu wake. Sheria nayo huweka sakafu isiyouliza hulka: kuanzia Novemba 2024, kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika Nairobi, Mombasa na Kisumu kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi bila posho ya nyumba, awe mpole au mkali. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini iko katika sekta isiyo rasmi, ambako sakafu hiyo mara nyingi haifiki.

Limebaki suala la kuonekana. Mwajiri wa Mombasa anayetaka mtunza stoo mwaminifu hana namna ya kuuona uaminifu kwenye barua ya maombi. Cheti cha mwenendo mwema kinachotolewa na polisi humwambia tu kwamba mtu hana rekodi ya jinai. Kwa hiyo huuliza jamaa na majirani, na kazi humwendea anayejulikana. Waajiri wengi hawafanyi hivyo kwa nia mbaya, maana anayemleta mtu hubeba dhamana yake. Lakini msichana mwangalifu kutoka Jomvu, asiye na shangazi ndani ya kampuni, hubaki nje na hulka yake hailipwi kamwe. Tafiti za karibuni Afrika zimelishughulikia tatizo hili moja kwa moja. Nchini Uganda, Vittorio Bassi na Aisha Nansamba waliwapima wahitimu wa vyuo vya ufundi kwa sifa kama mahudhurio, mawasiliano na uaminifu, kisha wakawapa vyeti vinavyoonyesha matokeo hayo ili vitumike katika usaili na biashara ndogo. Nchini Afrika Kusini, vijana waliopimwa stadi zao na kupewa vyeti vya matokeo walipata ajira zaidi na kipato kikubwa kuliko wenzao. Huko huko, barua ya mapendekezo kutoka kwa mwajiri wa zamani, hata ya kazi ndogo, iliongeza nafasi ya mtu kuitwa kwa usaili, na faida ilionekana zaidi kwa wanawake.

Na kwa wale wasio na mwajiri, wapo wafanyabiashara wadogo 1,500 wa Lomé, nchini Togo, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017. Theluthi moja walifundishwa uhasibu, masoko na usimamizi kwa njia ya kawaida, theluthi nyingine walifundishwa kujianzia mambo, yaani kutafuta fursa kabla haijaja, kuweka malengo na kuyarudia baada ya kikwazo, waliosalia hawakufundishwa. Faida ya kundi la pili ilipanda kwa asilimia 30 ikilinganishwa na wasiofundishwa, na ya kundi la kwanza ikapanda kwa kiasi kidogo ambacho takwimu haziwezi kukitofautisha na bahati. Waliofundishwa walikuwa watu wazima, wengi wao wakiwa na miaka mingi katika biashara, na mafunzo ya darasani yalichukua majuma machache tu. Vyuo vya ufundi vya kaunti, vilivyopo Mombasa na kote Pwani, vinafundisha umeme, ushonaji na upishi kwa miezi mingi, na vina walimu wanaowaona wanafunzi wao kila siku: nani hufika mapema, nani husafisha zana bila kuambiwa, nani hubaki mtulivu mteja anapofoka. Mwalimu akiyaandika hayo katika karatasi moja yenye mhuri wa chuo, mwanafunzi atatoka na kitu cha kumwonyesha mwajiri asiyemjua mtu yeyote wa ukoo wake.